Mwanzo Ulikuwa Bungoma

Vijana waliochukua kibanda changu pale Kitale wameniuliza mambo mengi tangu nistaafu, na karibu yote ni ya kupoteza wakati. Wanataka kujua mizigo nilikuwa naitoa kwa nani, na kama kuna dawa ya askari wa kanjo, wale wanaofukuza wachuuzi. Swali moja tu lilikuwa la kazi. Walikuta wembe umefungwa kwa uzi chini ya meza, wakasema: "Mama Vitabu, wembe ni wa nini na hukuwa kinyozi?" Nimeamua kuwajibu kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo mngenikatiza.

Niliingia kazi hii mwaka ule shule za msingi zilipofanywa za bure. Kabla ya hapo nilikuwa nauza nguo za watoto kule Matisi, karibu na nyumbani, na nilichojua kuhusu vitabu ni kwamba havina saizi. Wauzaji wa vitabu vya darasani walikuwa wakilia kila kona, ati sasa serikali ndiyo italeta vitabu, biashara imekufa. Aliyekuwa hacheki wala halii ni Mzee Gitau. Alikuwa na shamba Kibomet, la mahindi, lakini alisema mahindi hayana mazungumzo, kwa hiyo aliwaachia wanawe, akaja kuuza vitabu vya mitumba kando ya barabara. "Wacha serikali ipeane hesabu," aliniambia. "Sisi tutabaki na hadithi. Hakuna serikali imewahi kupeana hadithi bure." Akanipa nafasi mwisho wa meza yake.

Siku ya kwanza niliuza kitabu kimoja. Aliyenunua alikuwa muuza njugu, na alikitaka kwa ajili ya karatasi. Mzee Gitau alisema mauzo ni mauzo, lakini kutwa nzima hakunitazama usoni.

Siku ya pili alinipindulia gunia zima juu ya turubai na kuniambia nianze kukagua. Nikaanza na majalada. Akaninyang'anya kitabu, akakigeuza.

"Cha mtumba hakianzii mbele, kinaanzia nyuma. Angalia kama mwisho upo. Jalada watu husamehe. Kurasa za mbele watasamehe, watakuambia wamezifikiria wenyewe. Lakini uza kitabu hakina mwisho uone vile utatukanwa na watu wa kanisa."

Basi nikawa mtu wa miisho. Kwa miaka yote hiyo nimesoma kurasa za mwisho za vitabu vingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na za mwanzo chache. Nilihesabu kurasa za kila kitabu mara mbili, mara ya kwanza kwa kidole gumba na mara ya pili kwa macho, kwa sababu kidole hudanganywa na gundi. Vifaa vyangu vingine nitavitaja mara moja tuachane navyo: sindano ya kushonea magunia, uzi wake, msumari wa kutobolea, gundi ya unga wa ngano iliyotiwa chumvi ili panya waikatae, na karatasi ya khaki. Na nailoni kubwa, maana Kitale mvua ya mchana haipigi hodi. Na sheria moja ya bei: usiitaje kabla mteja hajashika kitabu kwa mikono miwili. Akikishika kwa mkono mmoja bado anapita njia.

Rafu iliyonilisha ni ile ya chini, upande wa kushoto, ambayo niliiita ya Wasichana. Sisemi vitabu vya mapenzi. Hivyo vilikuwa juu na vilijiuza vyenyewe, mimi nilikuwa tu naondoa vumbi. Hii ilikuwa ya wasichana wanaokua. Amefiwa na nyanya, au amekosana na mama, au amehamia mji asioujua, na kufikia ukurasa wa mwisho anajua yeye ni nani na anataka nini. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na saba na sikuwa nimefika huo ukurasa.

Mzee Gitau hakuwa amesoma hata kimoja, lakini alivipanga kwa majalada na hakuwahi kukosea. Msichana ameshika begi, kitabu kitaondoka kabla ya mvua. Msichana anaangalia dirishani, kitaondoka wiki hiyo. Msichana ameshika ua, hicho kitazeeka na wewe. Mimi nikaongeza yangu kutokana na maswali. Akina mama wakishika kitabu cha rafu ile waliuliza, "Huyu ana tabia nzuri?" Akina baba waliuliza, "Anapita mtihani?" Wasichana wenyewe waliuliza kitu kimoja tu: "Anaondoka?" Nilijifunza kujibu ndiyo kwa wote watatu, na sikumbuki kama nilidanganya, kwa sababu vitabu vile karibu vyote viko hivyo.

Sasa wembe. Jambo ambalo hata Mzee Gitau hakunifundisha ni vipande. Nje kidogo ya mji kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana, jina lake nitaliacha hapo hapo lilipo. Riwaya ilikuwa imewekwa kundi moja na simu na mandazi ya nje: ukipatikana nayo, una kesi. Bweni moja lina wasichana wengi na kitabu ni kimoja. Kwa hiyo walikipasua vipande vitatu. Anayeanza akimaliza kipande cha kwanza anampa mwenzake, anachukua cha pili. Watatu wanasoma kwa wakati mmoja, na mwalimu akishika, ameshika theluthi. Sijaona mfanyabiashara mjini Kitale aliyegawanya hasara vizuri hivyo.

Shida ilikuwa wanapasua kwa mikono. Vitabu vikirudi kwangu kubadilishwa, maana ndivyo tulivyofanya, unaleta kimoja unaongeza kidogo unachukua kingine, vilikuwa kama vimeliwa na mbuzi. Sentensi inaanza kipande cha kwanza na kumalizika hakuna mahali. Nikaona kama vitakatwa lazima, basi vikatwe na mtu mwenye heshima. Nikanunua wembe. Nilikata mwisho wa sura, siyo popote. Unakifungua kitabu, unakikunja mpaka gundi itoe sauti, unapitisha wembe kwa ndani bila kugusa maandishi. Kisha unatoboa kila kipande kwa msumari, unakishona kwa uzi wa gunia, unakivalisha khaki. Kwa nje kinafanana na daftari la mtu mwenye bidii. Niliuza kitabu kizima. Kukata ilikuwa huduma.

Mteja wangu mkubwa wa huduma hiyo alikuwa Chemtai, kidato cha tatu, mtoto wa Cheptais kule mlimani. Alikuja na wenzake siku za kufungua shule, sanduku begani, na alikuwa na kasoro moja tu, alijua kubishana bei kuliko mimi. Siku hiyo alitoa kitabu chini ya vingine.

"Mum, hii haina jalada."

"Ndiyo maana iko chini."

"Sasa nitajuaje ni ya nini?"

"Msichana anaondoka kwao."

"Na begi?"

"Na begi."

Akakishika kwa mikono miwili. "Kata tatu."

Muhula ulipopita katikati, siku ya Jumatano, alikuja mama mmoja wa suti ya kijivu, mkoba mkubwa kwapani, akasimama mbele ya meza bila kugusa kitu. Mtu wa namna hiyo ni mwalimu ama ni kodi.

"Wewe ndiye Mama Vitabu?"

"Inategemea kama unanunua."

"Sinunui. Mimi ni Deputi wa mwalimu mkuu, shule ya wasichana."

"Basi ni mimi, lakini nina haraka."

Akaweka kipande mezani, kimevaa khaki. "Hii ni kazi yako?"

Nilikiangalia. Mji mzima hakuna aliyekuwa anashona vitabu kwa uzi wa gunia isipokuwa mimi, na kwa kweli kilikuwa kimeshonwa vizuri. "Uzi ni wangu," nikasema.

Akaniambia amempata Chemtai nacho ndani ya kitabu cha nyimbo, maombi yakiendelea. Ilikuwa mara ya tatu mwaka huo. Ijumaa atasimama mbele ya Principal na mwenyekiti wa bodi, na babake ameitwa, na safari hii ni kufukuzwa.

"Kwa kusoma?"

"Kwa kusoma hii." Akafungua mahali alipokunja, akashusha sauti. "Sikia. 'Tabitha alivua viatu, akaingia kwa Daudi. Daudi akamwambia, kuanzia leo hapa ni kwako.' Miaka kumi na sita, mama! Anahamia kwa mwanamume. Kurasa mbili mbele mwanamume anamnunulia cherehani."

Mama wa nyanya wa kibanda cha pili alikuwa ameacha kupanga nyanya.

"Daudi ni mjomba wake," nikasema. Kile hakikuwa na jalada, ndiyo maana nilikuwa nimelazimika kukisoma kuanzia mbele.

"Imeandikwa wapi?"

"Mwanzoni."

"Na mwanzo uko wapi?"

"Mimi niliuza vyote vitatu."

"Basi ulete huo mwanzo Ijumaa, saa nne. Bila mwanzo, huyu Daudi ni mwanamume tu." Akakirudisha kipande kwenye mkoba, akaenda hatua chache, akarudi. "Na huyo nyanya yake, kwani alikuwa mgonjwa wa nini?"

"Nyanya gani, Madam? Kipande chako hakina nyanya."

"Nimeuliza tu," akasema, akaenda.

Nilimfuata shuleni jioni hiyo hiyo. Siwezi kusema ni huruma. Mtoto angefukuzwa kwa kitabu nilichokata mimi, na ningekuwa nimepoteza mteja na usingizi kwa wakati mmoja. Chemtai alikuwa nyuma ya jikoni anasugua masufuria ya githeri, adhabu ya kungojea adhabu. Kila sufuria ilikuwa inamtosha kuingia.

"Chemtai, mwanzo uko na nani?"

"Siwezi taja mtu, mum."

"Sitaki mtu. Nataka mahali."

Alisugua kidogo, akipima. "Bungoma," akasema. "Kuna mtu alienda nayo mid-term. Mamake akaishika. Anauzanga nguo za mtumba sokoni, yule wa redio kubwa."

"Na mwisho?"

"Mwisho ulipotea bweni. Hatujui. Ilikuwa chini ya godoro, ikakosekana."

"Babako atasemaje Ijumaa?"

Akaacha kusugua. "Baba hasemi mara mbili. Alishaniambia, nikiitwa shule tena, twende nyumbani, kuna ndama. Na si ati wiki moja. Dadangu aliambiwa hivyo hivyo, na bado yuko na ndama." Akainama tena kwenye sufuria. "Mum, nikipanda hiyo gari ya Cheptais, mimi sirudi."

Alhamisi nilikuwa Bungoma kabla soko halijachangamka. Redio ilinionyesha njia. Chini yake kulikuwa na mama mnene mwenye aproni, amezungukwa na magauni, na kipande changu kilikuwa kinachungulia kwenye mfuko wa aproni, mahali wengine huweka chenji. Nikamsalimia, nikamweleza nilikotoka na nilichotaka. Alipunguza redio, akaniangalia kutoka juu mpaka kwenye viatu.

"Kumbe ni wewe ulikata?"

"Ni mimi."

"Nimesoma hii kitu mara tatu. Nyanya anakufa. Watoto wa nyanya wanagawana mpaka vijiko. Mtoto anafunga begi, anafika kwa mlango, anashika kitasa, na karatasi inaisha! Wewe mama, uko na roho kweli?"

"Ni mwisho wa sura."

"Ni mwisho wangu mimi. Hata ugali nimeunguza. Sitoi. Lete hiyo ingine kwanza."

"Hiyo ingine imeshikwa na shule. Ndiyo nataka kuikomboa."

"Basi niambie kwa mdomo. Alifungua mlango?"

Hapo nikajua niko kazini. Nilimwambia nitamsimulia katikati yote, naye anipe mwanzo. Alitaka katikati na mwisho. Nikamwambia mwisho hauuzwi kwa mdomo, unaharibika. Akasema basi na mwanzo hautoki kwa mfuko. Nikageuka kama ninayeondoka, jambo ambalo yeye pia hufanyiwa kila siku, kwa hiyo hakushtuka. Tulirudi katikati: nimsimulie mpaka cherehani, nichukue mwanzo, na wiki ijayo nimletee kitabu chote kimeshonwa pamoja. Na nimwachie kitu cha kumhakikishia kwamba nitarudi.

"Kitu gani?"

"Hiyo sweta."

"Kitale ni baridi, mama."

"Ndiyo maana utarudi."

Nikasimulia nimesimama katikati ya magauni. Wateja wawili walisahau walichokuja kununua, na mmoja akauliza Daudi ana bibi ama hana. Nilipofika kwa cherehani nikanyamaza, mama akatoa kipande kwenye aproni akanipa kwa mikono miwili, kama anayepeana mtoto.

"Na msichana wangu asitajwe huko."

"Simjui jina," nikasema, "na usinitajie."

Ijumaa saa nne ofisi ya Principal ilikuwa imejaa. Principal mwenyewe nyuma ya meza, mwembamba, wa maneno machache. Kando yake mwenyekiti wa bodi, mzee wa kanisa, kofia magotini. Deputi na mkoba wake. Chemtai amesimama ukutani. Na baba, Mzee Kiboi, amekaa ukingoni mwa kiti, koti juu, gumbuti za mpira miguuni, na tikiti ya gari ya kurudi Cheptais mkononi. Hakuwa ameiweka mfukoni. Nilihesabu, nikahesabu tena: zilikuwa mbili.

Deputi alisoma mahali palipokunjwa. Mwenyekiti akafunga macho. Mimi nikafungua mwanzo, ukurasa wa nne, nikasoma pale mama ya Tabitha anaposindikizwa harusini na Daudi, kitinda mimba wa kwao, waliyenyonya naye titi moja.

"Mjomba," mwenyekiti akasema.

"Mjomba."

Mzee Kiboi akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Ndugu ya mama kabisa? Si wa kanisani?"

"Ndugu ya mama."

"Hiyo sasa ni sawa," akasema, na kichwa kikarudi chini.

Nilidhani tumemaliza. Principal akaweka kalamu. "Mwanzo tumeusikia. Lakini mtu anaweza kuanzia kwa mjomba na kuishia pabaya. Mwisho uko wapi?"

Nikasema mwisho niliusoma na ni mzuri. Akaniambia kwa upole kwamba mimi ni muuzaji, na muuzaji hatasema unga wake una wadudu. Singeweza kumlaumu, ningesema vivyo hivyo. Chemtai alikuwa ameanza kuangalia zile tikiti. Ndipo Deputi akafungua mkoba, akachakura chini kabisa, akatoa kipande cha tatu. Khaki yangu. Uzi wangu. Kilikuwa kimewekewa alama kwa stakabadhi ya sukari.

"Nilikuwa ninakichunguza," akasema.

"Tangu lini, Madam?" Principal akauliza.

"Tangu kilipopatikana chini ya godoro."

"Na umefika wapi?"

"Nimemaliza." Akakohoa. "Mara mbili. Anafungua duka la kushona nguo. Hakuna mtu anayeharibika. Kuna mahali anarudi kwenye kaburi la nyanya yake, hapo mimi sikuelewa vizuri, kwa sababu sikuwa na mwanzo."

Mwenyekiti aligeukia dirisha na kuangalia nje kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sawa," Principal akasema. "Kitabu hakina ubaya. Lakini sheria ni sheria, na hii ni mara ya tatu. Hawezi kurudi darasani hivi hivi."

Hilo "hivi hivi" ndilo nililolingojea. Mtu akisema hivyo, ameacha kukataa, ameanza kutaja bei.

"Mwalimu, ni ngapi?" nikauliza.

"Ngapi nini?"

"Adhabu. Taja yako."

"Wiki tatu nyumbani."

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Kiboi akasema, bila hasira, kama mtu anayetoa habari ya mvua, "Akija nyumbani wiki tatu, hizo wiki haziishi. Mimi nasema ukweli. Sina nguvu ya kumleta mara ya pili, na kazi iko."

"Umesikia, Mwalimu," nikasema. "Bei ya nyumbani huyu hana. Hata siku moja ya nyumbani ni kumfukuza, kwa jina lingine. Tuuzie kitu cha hapa shuleni."

"Wewe ni mzazi wake?"

"Mimi ni mtu wa wembe. Nina hasara yangu hapa."

Principal aliangalia dirishani. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri mwaka huo, na uwanja ulikuwa umeota nyasi za kuficha ng'ombe.

"Uwanja," akasema. "Afyeke uwanja wote."

"Nusu."

"Wote. Na nyuma ya jikoni."

"Nyuma ya jikoni ameshasugua masufuria."

"Nyuma ya jikoni waachie wapishi," mwenyekiti akasema. Sikutegemea msaada kutoka upande ule.

"Uwanja wote, Jumamosi kwa Jumamosi, na asimamiwe," Principal akasema. "Madam Deputi atasimamia, kwa kuwa ana muda wa kuchunguza. Na wewe, mama, usinikatie kitabu tena cha shule hii. Kama ni riwaya, lete nzima, tuweke maktaba, wasome mchana kama watu."

Niliona ananibana, kwa sababu kitabu kizima maktabani kinasomwa na wote na hakinunuliwi na yeyote. Lakini tayari nilikuwa nimeshika kwa mikono miwili. Nikakubali. Ndiyo sababu wembe mliukuta umefungwa, na ndiyo sababu ulikuwa na kutu.

Nje Mzee Kiboi alinisimamisha karibu na lango. Aliziangalia zile tikiti, akaikunja moja, akaitia kwenye gumbuti.

"Mama, hiyo cherehani ya mjomba. Ni ya mkono ama ya miguu?"

"Ya miguu."

"Afadhali," akasema. "Ya mkono inachosha bega." Akaenda zake stendi peke yake.

Jioni hiyo nilivishona vipande vyote vitatu pamoja, nikabandika jalada la kadibodi, na asubuhi nikakipeleka shuleni ili Deputi apate kusoma mwanzo wake kabla sijakipeleka Bungoma. Tulikubaliana akae nacho mpaka Jumamosi ya pili yake.

Chemtai alimaliza kidato cha nne pale pale, hilo niwaambie ili msikae mkihangaika. Nilichotaka kuwaandikia ni hiyo Jumamosi ya pili, nilipokwenda kuchukua kitabu. Nilikuwa nina mafua, na mama wa Bungoma alikuwa ameshanipigia simu kwa jirani mara mbili kuuliza kama nimezoea kukosa sweta.

Aliyehukumiwa alikuwa mmoja. Uwanjani nilihesabu walioshika fyekeo, wakawa kumi na mmoja. Nikahesabu tena, wakawa kumi na wawili, kwa sababu mwingine alikuwa ametoka mbio bwenini na kitambaa kichwani. Walikuwa wamejipanga nusu duara, na katikati, kwenye kiti cha maktaba, alikuwa Deputi na suti yake ya kijivu, miwani puani, anasoma kwa sauti. Akifungua ukurasa mwingine anainua mkono, na fyekeo zote zinasimama ili neno lisipotee.

Nilisimama kando. Katika kazi yangu nimeona watu wengi wakifanya kazi ya adhabu, na wote hufanya haraka waondoke. Hawa walikuwa wanafyeka kama watu wanaonyoa mtoto mchanga. Chemtai alikuwa amechutama mbele kabisa, anakata jani moja, analiangalia, anakata lingine.

"Madam," nikasema alipofika mwisho wa sura. "Kitabu kinangojewa Bungoma."

"Hukumu ni uwanja wote," akajibu bila kuniangalia. "Hatujamaliza uwanja."

"Kwa mwendo huu mtamaliza lini?"

Deputi akavua miwani. Aliangalia nyasi zilizobaki mpaka kwenye goli la mbali. Kisha akaangalia kurasa zilizobaki, akazishika kati ya vidole viwili akipima kipi kitaisha kwanza, na nikaona uso wake umeingia wasiwasi.

"Wasichana!" akaita. "Hebu punguzeni mwendo hapo."